Simfoni ya Tisa, Berlin 1942: Ladha na Dhamana ya Msikilizaji

Kuchagua rekodi ya muziki wa klasiki aghalabu huchukuliwa kuwa suala la ladha tu. Msikilizaji hulinganisha mwendo, usafi wa sauti na umahiri wa wapigaji, kisha akaamua. Simfoni ya Tisa ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, inalitia wazo hilo mashakani.

Miongoni mwa rekodi zake zinazosifiwa mno ni mbili zilizoongozwa na Wilhelm Furtwängler. Moja ilinaswa Berlin mnamo Machi 1942. Nyingine Bayreuth, tarehe 29 Julai 1951, tamasha la huko lilipofunguliwa upya baada ya vita. Ile ya Berlin ina ukali wa kutisha, hususan katika mshindo wa timpani, na wapo wahakiki wanaoipendelea kwa sababu hiyo hasa. Lakini kwaya hiyo inaimba udugu wa wanadamu wote katika jiji ambalo, tangu Oktoba 1941, lilikuwa likiwasafirisha Wayahudi wake kwa treni kuelekea mautini.

Yamkini atatokea wa kujibu kwamba, tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi, kazi haihukumiwi kwa wasifu wa mtu. Hoja hiyo inazifaa nota, haiifai rekodi. Nota zaweza kutengwa na Vienna. Rekodi ni tukio lenyewe, na ukumbi umo ndani yake. (Mwanafunzi wa fasihi simulizi, aliyezoea kutomtenga fanani na hadhira yake, hatalistaajabia hili.)

Furtwängler mwenyewe si mtu wa kuhukumiwa kwa haraka. Alijiuzulu nyadhifa zake mwaka 1934, akawasaidia wanamuziki kadhaa wa Kiyahudi, na kesi yake iliposikizwa Berlin Desemba 1946 hatimaye aliondolewa lawama. Hata hivyo, Aprili 1942, katika mkesha wa siku ya kuzaliwa kwa Hitler, aliiongoza simfoni hiyo hiyo, na Goebbels akaja kumpa mkono.

Je, achaguaye ya 1951 amejitakasa? La hasha. Bayreuth ndiko Hitler alikokwenda mwaka baada ya mwaka kusikiliza Wagner. Aikimbiaye Berlin amebadilisha ukumbi tu. Rekodi ya 1942 yastahili kusikilizwa, ila pamoja na tarehe yake: kwaya inapofikia udugu, msikilizaji akumbuke kwamba tangu Novemba 1938 Wayahudi walikuwa wamepigwa marufuku kuingia katika kumbi za muziki za Ujerumani.