Je, Kugawa Sawa Ndiko Kugawa kwa Haki?

Wengi hudhani ya kuwa haki ni kugawa sawa: penye shilingi kumi na watoto kumi, kila mmoja na apewe yake, na hapo hapana wa kulalamika. Rai hii twaiona yafaa pale tu ambapo wagawiwa walikuwa sawa kabla ya mgawo. Pasipokuwa hivyo, yaweza kuwa njia nyepesi ya kuidumisha dhulma pasi na mtu kulaumiwa.

Na tulitazame jambo moja la huko Marekani. Mwezi wa Januari 2016 Rais Barack Obama alitangaza mpango wa kuifikisha elimu ya kompyuta kwa kila mwanafunzi. Makusudio hayakuwa kumfunza mtoto kubonyeza na kutazama, bali kumfunza kuiamrisha mashine: kulivunja tatizo vipande vipande, kuzipanga hatua za kulitatua, na kuziandika kwa lugha ambayo mashine huifuata. Aliomba dola bilioni 4 kwa ajili ya majimbo. Bunge lao halikuzitoa. Zilizopatikana ni ruzuku ndogo kuliko hizo, khasa kupitia National Science Foundation, ambalo ni shirika la serikali la kusaidia sayansi.

Kwa nini ilihitajika kusema "kila mwanafunzi"? Jane Margolis na wenziwe walizichunguza skuli tatu za sekondari mjini Los Angeles, wakatoa kitabu mwaka 2008. Mtu angetaraji kuwa skuli za wanyonge zilikosa kompyuta. Sivyo, kompyuta zilikuwako. Kilichokosekana ni elimu yenyewe. Watoto weusi na wenye asili ya Kilatino wakifundishwa kupiga taipu na mambo mepesi mepesi, na palipokuwa na darasa la elimu khasa, waliojaa humo ni wavulana wa Kizungu na wenye asili ya Asia, wengi wao wakiwa wamekwisha kuzizoea mashine nyumbani. Wasichana walikuwa wachache. Na walikuwako walimu walioona hivyo wakasema: hawa ndio wenye kipaji.

Margolis alilifananisha jambo hili na kuogelea, na sisi watu wa pwani tutamfahamu upesi. Kwetu mtoto hujua kuogelea kwa kuwa bahari i mlangoni. Huko Marekani watu weusi walizuiliwa mabirika ya kuogelea na fuo za bahari miaka mingi. Mji wa Montgomery, Alabama, uliposhitakiwa ili bustani zake ziwe za watu wote, ulipendelea kuzifunga zote mwaka 1959, na birika likafukiwa. Kisha, wajukuu wa waliozuiliwa walipoonekana hawajui kuogelea, pakasemwa kuwa miili yao haikuumbwa kwa maji!

Basi turudi kwenye ruzuku. Ruzuku hutolewa kwa maombi. Skuli yenye karani hodari na mwalimu aliyesomea kompyuta itaandika ombi zuri. Ile isiyo na hayo, nayo ndiyo yenye haja, haitaandika, ama itaandika vibaya. Mtoaji atasema mlango ulikuwa wazi kwa wote. Sisi twasema ulikuwa wazi kwa wajuao njia.

Yuko atakayejibu kuwa mali ni ya mwenyewe, humpa amtakaye. Hoja hii haisimami, kwani ruzuku za serikali hutoka katika kodi, na mzazi wa mtoto aliyeachwa nje naye hulipa kodi. Hoja yenye nguvu ni nyingine: skuli isiyo na mwalimu itaipoteza mali hiyo. Ni kweli, lakini yatufundisha pa kuanzia tu. Katika Los Angeles, tangu 2008, lilianzishwa somo liitwalo Exploring Computer Science, ambalo halimtaki mwanafunzi awe na ujuzi wa mbele, na pamoja nalo mafunzo ya walimu wenyewe, kwa msaada wa shirika lile lile. (Mashine huchakaa kwa miaka michache, mwalimu aliyefunzwa huendelea kufundisha.)

Mtoaji atakaye kujua iwapo mali yake imefika asiishie kuhesabu kompyuta. Na aingie darasani mwaka wa tatu, awahesabu wasichana, na watoto weusi, na wale wa mitaa ya kimaskini, kisha ailinganishe hesabu hiyo na ya skuli nzima.