Mti wa Karatasi

Ukiniuliza kwetu wapi, nakujibu haraka: Ikinga, Ileje. Ukiendelea, "Huko kuna nini?" hapo ndipo nababaika. Hapa mjini kila mtu ana alama ya kwao. Huyu ana ngome, yule ana boma la Mjerumani. Mimi nina milima, migomba, kahawa, na Malawi ng'ambo ya mto.

Basi siku moja, nikiandika insha ya historia ya kwetu, nikabuni mti. Nikasema chini yake wazee waliapa kutomtii Mjerumani. Wenzangu walipiga makofi kweli kweli! Likizo nikamsomea bibi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tu, "Mti huo uko wapi, mjukuu wangu? Nikauone."

Je, nilikosea? Nilijitetea hivi: mbona hata wakubwa wanabuni? Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, wenyeji walikuwa hawalioni? Au chukua Mto Songwe. Tarehe 1 Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walitia saini mkataba, mto ukawa mpaka, Wandali wakabaki huku na kule. Na mto wenyewe, kule bondeni Kyela, ukifurika huhama njia! Mwaka 2016 mkoa wa Mbeya ukamegwa, nasi tukajikuta watu wa Songwe bila kuhamisha hata kigoda. Kama alama za wakubwa ni za kuchorwa tu, mti wangu una dhambi gani?

Nimefikiri sana, na utetezi huo umenigeukia. Kinachoniudhi katika lile neno "kiligunduliwa" ni kwamba linawafuta waliojua zamani. Na mimi je? Bibi alikuwa hai, anajua, na sikumwuliza hata neno moja. Nilimfuta nikapanda mti wa karatasi. Sisemi tusibuni, hadithi ni hadithi, kila mtu anajua. Lakini mimi nilichobuni nilikiita historia.

Nikamwomba anionyeshe alama yake. Akanipeleka kwenye mahame, walikokaa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Katikati ya migomba lilikuwapo jiwe la kusagia, limelika katikati kama bakuli. Halikubebeka, akaliacha. Pale hakuapa shujaa yeyote, jamani. Ulisagwa ulezi, watoto wakala, basi.

Nikapitisha kiganja ndani ya lile bonde la jiwe, nikaona haya. Mikono mingapi ilisukuma mpaka likalika hivyo? Insha yangu haikuwa na hata mkono mmoja.

Mwandishi mwenzangu, kwenu nako hakukosi jiwe. Waliolitumia wanapungua kila mwaka. Kawaulize kwanza, kalamu itasubiri.