Sitara ya Waya

Mwenye kusimama ufukweni Homa Bay alfajiri huyaona mafunjo yamezamisha miguu ziwani, na mwenye kushuka hadi Macalder, katika Migori, hukuta mashimo yaliyokuwa yakitolewa shaba hata miaka ya 1960, machimbo ambayo kwa ajili yake maporomoko ya Gogo, katika Mto Kuja, yalijengewa bwawa la umeme; nami kila nisafiripo baina ya majani yale na shaba ile hunijia swali ambalo kwa dhahiri ni la mafundi, lakini kwa batini ni la dini: je, kizuizi kati ya kiumbe na kiumbe ni uadui, au ni rehema?

Mfano wa swali hilo ni waya wa simu: katika miaka ya 1930 viwanda vya Western Electric, huko Marekani, viliivika shaba nguo ya karatasi isiyokatwa wala kuzungushwa: uzi ulipitishwa katika rojo la miti iliyopondwa, ukatoka umeshikwa na ute mbichi, ukaviringwa, ukaingia tanuri, ukabaki na ngozi nyepesi iliyojaa vinyweleo vya hewa, na hewa hiyo ndiyo msaidizi mkubwa wa karatasi katika kazi yake ya kuutenga uzi na uzi. Mamia ya nyuzi hizo zikalazwa ndani ya ala moja ya risasi, na kila neno likafika kwa mwenyewe kama amana.

Niliwahi kusimama Homa Bay kando ya shimo, fundi wa simu akiifungua ala ya nyuzi za karatasi. Kabla hajazigusa alijifuta viganja mara mbili, akayatazama mawingu ya ziwani, kwani unyevu ukipenya karatasi, sauti ya huyu huvuja katika sikio la yule. Nilistaajabu: rojo limezaliwa majini, na pasipo maji lisingeikumbatia shaba, lakini likishakauka, maji yale yale ndiyo maangamizi yake.

Wako wasemao kwamba mapenzi kamili ni kuondoa kila pazia. Kwa mja na Mola wake nawasadiki. Kwa mja na mja mwenziwe siwasadiki hata kidogo, maana nyuzi mbili zikigusana tupu hazizidi kupendana, bali zote mbili hunyamaza.

Fundi alimwaga nta ya moto, akaiziba ala, akatega chombo sikioni. Watu wawili walikuwa wakizungumza. Akakiondoa upesi.