Pikipiki Ikigongwa, Kosa ni la Nani?



Hapa Masese pikipiki ni miguu yetu. Ndiyo inayomfikisha mama kujifungua, ndiyo inayobeba dagaa kutoka mwaloni hadi sokoni Jinja, na vijana wetu wengi wanalisha familia kwa kazi ya bodaboda. Lakini pikipiki pia inatuliza. Polisi ya Uganda ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani nchi nzima mwaka 2024, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Kila ajali ikitokea, sisi tuliosimama pembeni tunatoa hukumu kabla majeruhi hajainuliwa. Kwa hiyo tumeona vema tujiulize pamoja: kosa hujulikanaje?

Tuchukue mfano. Kijana amebeba abiria wawili. Hana leseni, wala kofia ya kujikinga kichwa. Amesimama vizuri kando ya barabara ili abiria mmoja ashuke. Gari linakuja kwa kasi na kumgonga kwa nyuma. Polisi wanafika, na kijana anaandikiwa faini. Karatasi hiyo ni ya haki: sheria ya barabara ya mwaka 1998 inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na kanuni za mwaka 2004 zinadai kofia. Jioni mtaani tunasema, "Si mmeona? Yeye ndiye aliyeandikiwa, basi kosa ni lake."

Hapo tumechanganya maswali mawili. La kwanza ni: nani amevunja sheria? La pili ni: nani amesababisha kugongana? Leseni, hata ingekuwa mfukoni mwa kijana, isingelisimamisha gari lile. Kwa kukosa kofia, ana sehemu katika ukubwa wa jeraha lake, lakini hana sehemu katika kugongwa. Anaweza kudaiwa faini kwa haki, na bado akawa ndiye aliyekosewa. Sisi tulio wakimbizi tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, kwa maana tunajua uchungu wa kuhukumiwa kwa karatasi usiyokuwa nayo.

Upande wa pili nao upo. Asiyeandikiwa asidhani ametakaswa. Polisi anaona kilichobaki barabarani. Haoni kwamba wiki iliyopita fundi alikuambia breki zimekwisha, ukajibu, "Acha kwanza nipate pesa." Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini breki mbovu ina dawa. Torati, katika Kutoka 21, inamtofautisha mtu ambaye ng'ombe wake amepiga mtu kwa mara ya kwanza na yule aliyekwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali, asimfunge. Huyu wa pili anahesabiwa hatia kubwa. Sura hiyo hiyo inamtaja mtu anayechimba shimo na kuliacha wazi. Dereva anayeacha lori bovu usiku kwenye barabara ya Iganga bila alama yoyote amechimba shimo la namna hiyo, hata kama wakati wa ajali alikuwa amelala mbali.

Na kutojua je? Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda au Sudan Kusini, ambako magari hupita kulia. Uganda hupita kushoto. Mgeni akivuka barabara siku yake ya pili hapa, anatazama upande aliouzoea, na pikipiki inakuja kutoka upande mwingine. Hatuwezi kumhesabia sawa na mtu aliyekaa hapa miaka mitano na bado anavuka bila kutazama. Tena sehemu ya kosa hilo ni yetu sisi tuliompokea, tukamwonyesha kanisa na kisima, tusimwonyeshe barabara.

Liko swali la tatu, na ndilo tunalolisahau zaidi: nani atabeba mzigo? Faini inalipwa kwa serikali. Hata shilingi moja haifiki kwa mama aliyevunjika mguu. Kwa hiyo anayesema, "Nimelipa, yamekwisha," amemalizana na serikali, bali hajamalizana na jirani. Sheria ya mwaka 1989 inadai kila chombo cha moto kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa. Tuulize habari za bima kabla ya kupeana mikono njiani kwa pesa kidogo. Lakini hata bima haimtembelei mgonjwa. Aliyegonga aende hospitalini akamwone, na kama ana kosa aliseme. Na anayeona ameandikiwa bila haki, sheria inamruhusu kukataa faini ile na kwenda kujieleza mahakamani. Kudai haki kwa njia hiyo si utovu wa imani.

Tunajua kinachotuzuia. Ni hofu. Dereva anaogopa umati, kwa kuwa mara nyingine wenye bodaboda wa steji nzima hukusanyika na kupiga kabla ya kuuliza. Kijana wetu mkimbizi anaogopa polisi, anaruka kwenye pikipiki na kutoroka. Hapo jambo lililokuwa bahati mbaya linageuka kuwa dhambi, kwa maana majeruhi ameachwa chini.

Bwana aliwapa Israeli miji sita ya makimbilio. Kumbukumbu la Torati 19 inataja watu wawili wakikata miti, shoka likachomoka kwenye mpini na kumwua mmoja. Mwenzake alikimbilia mji huo ili mlipiza kisasi asimwue kwa hasira. Lakini tusome na Yoshua 20: aliyekimbia alisimama langoni akawaeleza wazee neno lake, kisha akasimama mbele ya mkutano ahukumiwe. Kimbilio lilimkinga na hasira, halikumkinga na swali.

Sisi tunaoishi kwa kimbilio tulikumbuke hilo barabarani. Ukigonga au ukigongwa, simama. Msaidie aliyeumia. Ukiona umati unakuja kwa hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze. Nawe uliye pembeni, zuia mkono wa anayetaka kupiga, na uzuie ulimi wako pia. Kisha kila mmoja aanze na sehemu yake mwenyewe, hata kama polisi hakuiandika.

Mungu azilinde safari zenu. Amina.