Haki ya Mkimbizi ni Kusikizwa na Kujibiwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu! Mwaka huu alinijia mtu mmoja baada ya sala ya alasiri, amekumbatia bahasha ya karatasi. Alikimbia vita vya kwao Somalia, akaomba hifadhi katika nchi hii ya Kenya. Na tangu siku aliyoandikwa, yapata miaka minane, huambiwa arudi mwezi ujao. Hakupewa hifadhi wala hakunyimwa. Nami nikamwusia kusubiri, kisha nikaenda zangu.

Usiku ule nalisomesha sira, tukafika khabari ya Hijra ya Uhabeshi. Mtoto mmoja akaniuliza: "Maalim, Najashi aliwaweka muda gani kabla ya kuwasikiza?" Nikanyamaza, kwani nalitahayari kwa wasia wangu wa alasiri. Subira ni ibada ya mwenye kudhulumiwa. Si udhuru wa mwenye kuchelewesha haki.

Zingatieni khabari yenyewe. Hijra ile ilianza mwaka 615 wa Miladi. Makuraishi wakamtuma Amr bin al-As na mwenziwe kwa Najashi, wamechukua zawadi za mfalme na za wakubwa wa baraza lake, wakitaka Waislamu watolewe pasi na kusemezwa. Wakubwa wale wakaunga mkono. Mfalme akakataa kuwatoa watu waliomkimbilia kabla hajawasikiza. Akawaita, Jaafar bin Abi Talib akasema kwa ajili yao, na wapinzani nao wakasikizwa. Ndipo akakata shauri: wageni wakae kwa amani, na zawadi zirudishwe kwa wenyewe.

Basi humo twapata mambo manne yatupasayo kuyataka: mgeni asirudishwe kwenye hatari kabla ya kusikizwa, asikizwe kwa lugha aijuayo, mwenye kuhukumu asipokee kitu, na hukumu itoke, nayo iwe na sababu zake.

Mtu akisema: "Huenda wakawamo waongo na waovu," twamjibu: kweli, na kupeleleza si dhulma. Katika Suratul Mumtahina, aya ya 10, Waislamu waliamrishwa kuwajaribu wanawake waliokuja wakihama. Walakini jaribio lile lilikuwa na mwisho: ikidhihiri kuwa ni waumini wasirudishwe, na waume zao wa zamani walipwe mahari waliyotoa. Kila upande ulipewa haki yake. Mwongo naye ajibiwe. Kumweka mkweli miaka kwa kumwogopa mwongo ni kumwadhibu asiye na kosa.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 humtaka aliyeingia nchini kuomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 30. Ikiwa mgeni huhesabiwa siku zake, ofisi nayo na ihesabiwe zake. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Wamo waliozaliwa humo, nao leo wana watoto. Umri wa mwanadamu haurudi, wala hakuna afisi iwezayo kuulipa.

Nasi pia tuna lawama. Wako miongoni mwetu wampandishiao mgeni kodi ya nyumba kwa kuwa hana pa kushtaki, na wako wachukuao fedha zake kwa kumwahidi karatasi. Hiyo ni haramu tupu. Ajuaye lugha yake na amfasirie. Ajuaye sheria na amwandikie. Na asiye na hayo asimtukane.

Mtu yule nimemwita tena. Tumepanga karatasi zake, na Jumatatu nitafuatana naye, inshallah, si kumwombea upendeleo, bali kuomba jawabu. Ewe Mola wetu, tuepushe na dhulma, ya kutenda na ya kunyamazia. Amin.