Shilingi 20,000 za Jirani

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Sisi wa Tabata tulikuwa bado tunatuma fedha kwa bahasha, mkononi mwa kondakta wa basi pale Ubungo, kisha tunamwomba Mungu.

Mtaani kwetu wa kwanza kujaribu hakuwa mwalimu wala karani wa benki. Alikuwa mama muuza vitumbua, mwenye simu iliyofungwa kwa mpira. Mimi niliyesoma nilimwambia, "Mama, pesa hazipiti hewani." Akacheka. Mwezi wa pili alikosea tarakimu moja, shilingi 20,000 zikaenda kwa mtu asiyemfahamu, na hazikurudi. Nilimpa pole, lakini moyoni (nakiri) nilifurahi kidogo.

Hakuacha. Akawa anamfundisha kila mtu: soma namba kwa sauti, mara mbili, ndipo ubonyeze. Nami nilipojiunga, baada ya mwaka mzima, nilisoma hivyo hivyo namba ya mama yangu aliyeko Muheza.

Basi, msomaji, hasara ile ilikuwa yake peke yake? Wanaotangulia twawasifu kwa ujasiri, twawaita viongozi. Lakini yeye hakuwa na ujasiri wa tajiri; mama yake alikuwa mgonjwa kijijini, na bahasha ilichelewa. Mimi nilisubiri kwa kuwa niliweza kusubiri. Tahadhari yangu niliipata kwa fedha yake, na bado kila asubuhi nilipita kibarazani kwake, nikanunua vitumbua, nikadai chenji yangu.