Moto Ndani ya Moyo: Oksijeni na Hoja ya Ibn Sina

Swali la iwapo shari ina asili yake yenyewe, au hutokea tu pembeni mwa kitu ambacho asili yake ni kheri, lilijibiwa na Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1037, kwa mfano wa moto: ulimwengu hauwezi kukosa manufaa ya moto, lakini moto huo ukigusa joho la mtu mwema hauna budi kuliunguza, na anayetaka moto usiounguza anataka kitu kingine kabisa. Tabibu huyo aliandika pia risala juu ya dawa za moyo, ingawa zama zake hazikuweza kumjulisha kwamba moto wa namna hiyo umo ndani ya moyo wenyewe.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huongozwa na umeme unaotokana na ioni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, zinazopita katika vilango vya protini kwenye utando wa seli. Nishati ya kazi hiyo hutoka hasa katika mitokondria, vijumba vinavyojaza karibu theluthi moja ya seli ya misuli ya moyo, ambamo chakula huunguzwa kidogo kidogo kwa oksijeni. Katika uunguzaji huo, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa molekuli kali, nyingi zikiwa zile ziitwazo radikali huru, na zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, hali hiyo huitwa msongo wa oksidisho.

Msongo huo huvuruga umeme wa moyo kwa njia kadhaa: vilango vya sodiamu huchelewa kufunga, na kalsiamu huvuja kutoka ghalani mwake ndani ya seli. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba kimeng'enya kiitwacho CaMKII, ambacho kwa desturi huamshwa na kalsiamu na kutulia inapopungua, kikioksidishwa hubaki macho hata kalsiamu ikishapungua, na seli iliyofikia hapo inaweza kutoa ishara ya pigo kabla ya zamu yake.

Linaloifaa falsafa zaidi ni tukio la mshipa wa moyo uliozibwa na damu iliyoganda. Misuli iliyo mbele ya kizibo hufa kwa kukosa oksijeni, lakini mshipa ukizibuliwa, oksijeni ile ile iliyokuwa ikililiwa hurudi kwa kishindo, radikali huru hufoka katika dakika za mwanzo, na mapigo yanaweza kuparaganyika kiasi cha kuua. Ndiyo maana mgonjwa aliyezibuliwa mshipa hafunguliwi mashine inayoonyesha umeme wa moyo wake, na kifaa cha kushtua moyo huwekwa karibu naye.

Ingedhaniwa kwamba dawa ni kuzima radikali hizo zote. Hata hivyo, katika utafiti wa HOPE, uliochapishwa mwaka 2000 na kuhusisha watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, waliopewa vitamini E, ambayo huweza kuzima radikali huru, hawakupata nafuu kuliko wasiopewa. Maelezo mojawapo, na huenda ndiyo yenye uzito kuliko yote, ni kwamba molekuli hizo zikiwa kidogo hutumiwa na seli kupelekeana ishara, kwa hiyo shari haikukaa kando ya kheri ikingoja kung'olewa.

Hadi hapo hoja ya Ibn Sina inasimama. Inapolegea ni kwenye kipimo, kwa kuwa shari ya moto huu haina kiasi kimoja kilichokadiriwa na maumbile: tumbaku huiongeza, na kisukari na shinikizo la damu lisilotibiwa vivyo hivyo. Maumbile ya oksijeni yanaeleza kwa nini moyo hauwezi kuepuka radikali huru kabisa. Hayampi udhuru mvutaji wa sigara, wala serikali inayoiacha sigara iuzwe kwa bei ya kutupa.